Injini ya haidrojeni kwenye ndege: tatizo ni joto kabla ya moto

Mtu akisikia habari za ndege inayoruka kwa haidrojeni, swali la kwanza huwa la tangi: likipasuka je? Ni swali la haki na nitalifikia. Lakini ukikaa na hesabu za injini hizi, unaona kwamba kinachoamua kama ndege itapaa au haitapaa ni kifaa ambacho kila fundi wa magari anakijua: rejeta. Seli ya mafuta, yaani kifaa kinachogeuza haidrojeni kuwa umeme wa kuzungusha propela, hutoa umeme na joto karibu nusu kwa nusu, na joto lenyewe ni la chini, la kiasi cha kuchemshia chai, ambalo ndilo gumu kuliko yote kuliondoa.

Nitatumia mfano wa ndege ambayo aliyepita Wilson jijini Nairobi au uwanja wa Dar es Salaam ameiona: Cessna Caravan, ile ya propela moja. Injini yake ya kawaida, PT6A, hutoa kilowati 500 hadi 650 hivi kutegemea toleo. Tuchukue 500, hesabu iwe nyepesi.

Jina "seli ya mafuta" lisikuchanganye. Ndani yake hakuna kinachoungua. Kuna utando wa plastiki wenye unene wa mikroni kumi na kitu hadi ishirini, mwembamba kuliko unywele, uliopakwa pande zote mbili unga wa kaboni wenye chembe za platini. Haidrojeni huingia upande mmoja, platini huinyang'anya elektroni, na protoni zinazobaki hupenya utando. Elektroni haziwezi kupenya, kwa hiyo huzunguka kwa nje kupitia waya, na mzunguko huo ndio umeme. Upande wa pili zote hukutana na oksijeni ya hewa na kuwa maji. Kila kilo moja ya haidrojeni huacha kilo tisa za maji.

Seli moja inatoa umeme kidogo sana. Kwa nadharia ni volti 1.23, ikibeba mzigo kamili hushuka hadi 0.65 au 0.7. Ndiyo maana hupangwa kama bunda la noti: seli 400 zikifuatana hutoa volti 260. Kila seli ikiwa na eneo la kazi la sentimita za mraba 300, na kila sentimita ikitoa ampea 1.2, bunda linatoa ampea 360, yaani kilowati 94 hivi. Sasa, ili propela ipate kilowati 500, mota na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa bunda uwe wa kuzungusha mota) zinahitaji kupewa 540, kwa sababu nazo hupoteza kidogo. Ongeza kompresa ya hewa, pampu na feni, ambavyo kwa pamoja hula kilowati 90 hivi. Jumla ni 630. Hayo ni mabunda saba.

Hapo ndipo joto linapoingia. Nishati yote iliyomo kwenye haidrojeni, ukiigeuza kuwa volti kwa kila seli, ni sawa na 1.25. Sisi tunachota 0.65. Iliyobaki, 0.60, ni joto tupu. Kwa kilowati 630 za umeme unapata kilowati 580 za joto, na ukijumlisha la mota na inveta unavuka 600. Washa birika 300 za umeme za kilowati mbili kwa wakati mmoja ndani ya pua ya ndege: joto ndilo hilo.

Injini ya tabini nayo hupoteza nishati nyingi, pengine zaidi. Lakini huitupa kupitia bomba la moshi, ikiwa na joto la mamia ya nyuzi, bila kuomba msaada wa mtu. Seli ya mafuta hufanya kazi kwenye nyuzi 60 hadi 80 na kidogo za Selsiasi. Hewa inayotoka kwenye bunda ni vuguvugu, haibebi kitu cha maana. Karibu joto lote lazima liingie kwenye maji ya kupozea, liende kwenye rejeta, likabidhiwe upepo.

Na rejeta inaishi kwa tofauti ya joto. Maji yakiwa nyuzi 80 na hewa ya nje nyuzi 5, tofauti ni 75. Dar saa nane mchana hewa ni nyuzi 33, tofauti ni 47. Rejeta ileile, ndege ileile, inaondoa chini ya theluthi mbili ya joto iliyokuwa ikiondoa kwenye baridi. Ukiwa Wilson, mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua uzito kwa asilimia 15 au zaidi, kwa hiyo hata upepo unaopita kwenye mapezi ya rejeta ni hafifu. Tazama tarehe za safari mbili zilizotangazwa sana: Dornier 228 ya kampuni ya ZeroAvia iliruka Uingereza tarehe 19 Januari 2023, dakika kumi, Dash 8 ya kampuni ya Universal Hydrogen iliruka Moses Lake, jimbo la Washington, tarehe 2 Machi 2023, dakika kumi na tano. Zote mbili ziliruka wakati wa baridi ya kaskazini, na kila moja ilikuwa na injini ya kawaida upande wa pili. Sisemi hivyo kuzibeza, zilikuwa kazi kubwa na zilifanywa kwa utaratibu. Nasema hivyo kwa sababu takwimu za kupoza zilizopatikana kule haziwezi kubebwa hivihivi na kutua Mwanza au Lodwar.

Wakati mbaya kuliko wote ni kupaa. Injini iko kwenye nguvu ya mwisho, ndege bado iko polepole, hewa ya chini ndiyo yenye joto kali. Ukishafika mita 3,000 hewa imepoa kwa nyuzi 20 hivi na umepunguza nguvu hadi kilowati 350, rejeta inapumua. Basi ukiifanya kubwa ya kutosha kwa kupaa, unaiburuta safari nzima kama mwavuli uliofunguliwa. Wahandisi hujibu kwa njia kadhaa. Rejeta hufichwa ndani ya mfereji unaopanuka mbele na kubana nyuma, ili hewa ipungue kasi kabla ya kugusa mapezi, ipate joto, kisha itoke kwa msukumo kidogo unaorudisha sehemu ya kilichopotea. Ndege ya kivita ya P-51 Mustang ilitumia mbinu hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mlango wa nyuma wa mfereji hufunguliwa wakati wa kupaa na kubanwa angani. Feni lazima iwepo kwa ajili ya kusubiri kwenye foleni ardhini, maana hapo hakuna upepo kabisa.

Wengine hupendekeza kunyunyizia rejeta maji yanayozalishwa na seli zenyewe. Kwa nguvu kamili injini yetu inakula kilo 36 za haidrojeni kwa saa, yaani maji kilo 324, na maji hayo yote yakigeuka mvuke juu ya rejeta yanachukua kilowati 200. Ni theluthi nzima ya joto! Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya maji hutoka kwenye bunda yakiwa tayari mvuke. Ukitaka kuyafanya kimiminika kwanza, unalazimika kuondoa joto lilelile ulilotaka likusaidie. Yanayofaa ni yale tu yanayotoka yakiwa matone, na hayo si mengi.

Kuna waliofikiri kwamba haidrojeni ya kimiminika, iliyo kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, itamaliza tatizo hili: ipitishe tu kwenye mfumo wa kupoza kabla ya kuitumia. Fanya hesabu. Kilo moja kutoka kwenye ubaridi huo hadi joto la seli inameza megajuli nne na kidogo. Kwa kilo 36 kwa saa ni kilowati 43. Kati ya 600. Ni msaada, chukua, lakini rejeta inabaki palepale.

Njia yenye matumaini zaidi kwa upande wa joto ni seli za utando uliolowekwa asidi ya fosfori, zinazofanya kazi kwenye nyuzi 160 hadi 180. Tofauti na hewa ya Dar inafika 130 na zaidi, na rejeta inapungua hadi theluthi. Malipo yake: haziwaki zikiwa baridi, lazima uzipashe moto kwanza, maji ya matone yakigusa utando yanaosha asidi, na kila seli inatoa volti kidogo kuliko ndugu zake wa nyuzi 80. Mimi naona ndizo zitakazofaa nchi za joto, kama maisha yake yatarefuka.

Hewa nayo ina mambo yake. Kilo 36 za haidrojeni kwa saa zinahitaji hewa tani mbili na robo kwa saa, maana unapeleka karibu mara mbili ya oksijeni inayohitajika ili kila pembe ya seli ipate. Kompresa ndiyo inayoisukuma. Usawa wa bahari kazi yake ni ya wastani, kilowati 50 hivi. Kwenye mita 7,600, zinakopita ndege za abiria za ATR, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 37 tu ya ile ya pwani, na kompresa ikitakiwa kutoa hewa ileile itakula maradufu. Tena hewa iliyobanwa hutoka na joto linalozidi nyuzi 100 na kavu kabisa. Ukiiingiza hivyo unakausha utando na kuutoboa. Lazima ipozwe, kisha ilowanishwe kwa unyevu unaorudishwa kutoka hewa inayotoka. Na kompresa yenyewe haitakiwi kuwa na tone la oili. Beringi zake huelea juu ya hewa, kwa sababu mvuke wa oili ukifika kwenye platini unaiziba.

Bunda hufa vipi? Njia ya haraka ni njaa. Rubani anasukuma wenzo wa nguvu, umeme unadaiwa papo hapo, lakini kompresa inahitaji muda kupandisha kasi. Seli ikikosa hewa, volti inashuka tu, unaweza kuiokoa. Ikikosa haidrojeni ni balaa: seli zote zimefungwa kwa mfululizo, na zile 399 zenye afya zinaisukumia hiyo moja ampea 360 kwa nguvu. Volti yake inageuka hasi, na kwa kuwa hakuna haidrojeni ya kuvunjwa, inaanza kuliwa kaboni iliyoshika platini. Seli iliyoliwa hivyo haiponi. Ndiyo maana kila seli hupimwa volti yake peke yake, si jumla ya bunda, na ikianguka chini ya kiwango kilichowekwa mzigo hukatwa kabla ya swali lolote. Bunda la volti 250 likionekana zima linaweza kuwa na seli moja iliyokufa katikati.

Njia ya polepole ni naitrojeni. Utando si ukuta kamili. Naitrojeni ya upande wa hewa huvuja kidogokidogo na kujikusanya upande wa haidrojeni, ambako gesi huzungushwa ili isipotee. Baada ya muda seli za mwisho za bunda zinapumua naitrojeni badala ya mafuta. Dawa ni valvu inayofunguka kwa muda mfupi kila baada ya muda na kupuliza nje. Valvu hiyo ni kifaa kidogo sana na ndiyo hupenda kuganda, kwa sababu gesi inayopulizwa ina maji na nje kuna nyuzi 20 chini ya sifuri. Ikikwama imefungwa, seli za pembeni huanza kushuka volti kwanza. Ukiona mchoro huo kwenye kumbukumbu za safari, kagua valvu na kipasha joto chake kabla ya kulaumu bunda.

Kuhusu usafi wa gesi hakuna mjadala: haidrojeni iwe asilimia 99.97, monoksaidi ya kaboni isizidi sehemu 0.2 kwa milioni, salfa sehemu 0.004 kwa milioni. Haidrojeni iliyotengenezwa kwa gesi asilia ikipita kwenye kichujio kilichochoka huleta monoksaidi, nayo hukaa juu ya platini kama mtu aliyekalia kiti chako na hataki kuondoka. Kwa sababu hiyohiyo huwezi kuitia harufu kama gesi ya kupikia: viambata vya harufu vina salfa.

Kosa ambalo fundi mzuri wa magari anaweza kulifanya siku ya kwanza ni kumimina kulanti ya dukani. Maji ya kupozea hapa hupita katikati ya sahani zenye mamia ya volti. Yakipitisha umeme, yanageuka kuwa waya. Yanayotumika ni maji yaliyoondolewa chumvi, yaliyochanganywa na glaikoli isiyo na vizuia kutu vya kawaida, na upitishaji wake hutakiwa kubaki chini ya maikrosimensi 5 kwa sentimita. Kichujio cha kunasa ayoni hubadilishwa kwa ratiba. Rejeta mpya ya alumini lazima isukutwe mara nyingi kabla ya kufungwa, kwa kuwa mabaki ya dawa ya kuunganishia yaliyomo ndani huendelea kutoa ayoni kwa wiki kadhaa. Kipimo kikipanda mara baada ya kubadilisha rejeta, ujue chanzo ni hicho.

Sasa tangi. Haidrojeni ina kilowati-saa 33.3 kwa kilo, karibu mara tatu ya mafuta ya taa ya ndege. Lakini kwa ujazo ni maskini: ikibanwa bar 350, mita ya ujazo inabeba kilo 24 tu, ikiwa kimiminika, kilo 71, mafuta ya taa ni kilo 800. Caravan yetu angani inatumia kilo 25 kwa saa. Saa mbili ni kilo 50, na tangi la nyuzi za kaboni la kubeba hizo kwa gesi lina uzito wa kilo 700 hadi 850. Uwezo wote wa Caravan, pamoja na rubani, abiria na mafuta, ni tani moja na nusu hivi. Tangi pekee limekula nusu.

Kimiminika hupunguza uzito huo sana, na faida yake imeonekana: HY4, ndege ya viti vinne yenye viwiliwili viwili iliyoruka mara ya kwanza Stuttgart Septemba 2016 kwa gesi, iliruka Maribor, Slovenia, mwaka 2023 kwa haidrojeni ya kimiminika, ikakaa angani zaidi ya saa tatu katika safari moja. Waundaji wake, H2FLY, walikadiria kwamba umbali wake unaongezeka kutoka kilomita 750 hadi 1,500. Lakini ujazaji wake unadai nidhamu. Bomba lililobakiwa na hewa ndani litaziba kwa barafu ya hewa hiyo. Unalisafisha kwa naitrojeni, kisha unaiondoa naitrojeni yenyewe kwa heliamu au haidrojeni ya gesi, kwa kuwa naitrojeni huganda kwenye nyuzi 210 chini ya sifuri. Bomba lisilo na ombwe la kulikinga hufanya hewa ya nje iwe kimiminika na kudondoka, na matone hayo yana oksijeni nyingi kuliko hewa ya kawaida. Yakidondokea grisi au lami, hapo umeandaa moto bila haidrojeni kuvuja hata chembe.

Kuhusu uvujaji wenyewe: haidrojeni inawaka ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa, na cheche ya milijuli 0.02 inatosha. Mwali wake mchana hauonekani. Kwenye vituo vya roketi Marekani wafanyakazi walikuwa wakitembea wametanguliza ufagio wa majani makavu. Ufagio ukishika moto, umeupata mwali. Rehema yake ni kwamba hupanda juu haraka. Kwa hiyo sensa huwekwa darini, hupiga kengele ikifika asilimia 1, na hanga lisiwe na mihimili inayotengeneza mifuko ya kuinasia gesi.

Ajali inayofundisha zaidi katika historia fupi ya ndege hizi haikuhusu gesi kabisa. Tarehe 29 Aprili 2021, Piper ya majaribio ya ZeroAvia karibu na Cranfield, Uingereza, ilikuwa ikiruka kwa betri na seli za mafuta pamoja. Kama sehemu ya jaribio, betri ilizimwa ili mota zibaki na seli peke yake. Umeme ukakatika kwa muda mfupi. Propela, ikizungushwa na upepo, iligeuza mota kuwa jenereta. Volti iliyorudi ilipanda hadi kinga ya inveta ikafunga njia ya umeme. Wawili waliokuwemo hawakuweza kuifungua tena. Ndege ilitua shambani, ikapita kwenye ua wa miti, bawa la kushoto likang'oka. Hakuna aliyeumia. Ardhini huwezi kuona hali hiyo kwa urahisi, kwa sababu propela ya ardhini ikikosa umeme husimama, wakati ya angani huendelea kuzunguka kwa kasi ya ndege. Tangu hapo, mtu akinionyesha mchoro wa umeme wa ndege ya aina hii, natafuta kwanza jambo moja: wakati wa kuhama kutoka chanzo kimoja kwenda kingine, je, kuna hata sekunde ambapo mota haina chanzo? Na kinga ya inveta ikifunga, inafunguliwa kwa swichi ipi, na ndani ya sekunde ngapi?

Turudi pwani. Dar hadi Unguja ni kilomita 75 hivi, dakika 20 angani. Kwa safari hiyo pamoja na akiba ya nusu saa, kilo 25 za haidrojeni ya gesi zinatosha, na tangi lake ni kilo 400. Mfumo wa seli ukitoa kilowati moja kwa kila kilo ya uzito wake, ni kilo 540; weka mota, inveta, betri ya kusaidia kupaa na rejeta, kilo 300 nyingine; ondoa PT6A, ambayo haifiki kilo 200. Ukitoa yote hayo na rubani kwenye ile tani moja na nusu, zinabaki kilo 320 hivi. Ni abiria wanne, mizigo yao ikiwa myepesi, badala ya kumi na wawili. Seli zikifika kilowati mbili kwa kilo, zinarudi kilo 270, abiria watatu zaidi. Hesabu hiyo yote imefanywa kwa rejeta inayotosha nyuzi 33.